Kitufe Kilicholala

Usiku wa jana niliota kinanda cha marehemu mume wangu kimeingia jikoni, kimekalia mbuzi ya kukunia nazi, kinasubiri uji.

Sikushtuka. Nilichojiuliza ni kimoja tu, kimepitaje sebuleni bila kumwamsha Nasra, maana ni kizito kama gunia la mchele na Nasra usingizi wake ni wa paka.

"Bi Mwantumu," kikasema, "nimepoa. Mtu mzima haendi kikaoni amepoa."

"Kikao gani?"

"Cha betri."

Hapo nikaelewa, yaani nikadhani nimeelewa. Jioni, kabla sijalala, Nasra mjukuu wangu alikuwa ameniambia kwamba fundi Mkanga atakuja asubuhi kukifungua kile kinanda. Ndani yake mna betri ndogo, ya duara kama kifungo cha koti, na hiyo ndiyo inayokumbuka. Sauti zote alizozitengeneza Mbwana, mume wangu, kwa kuzungushazungusha vile vifundo vya juu, miaka yote ya kupiga kwenye harusi za hapa Tanga, zimeshikiliwa na hiyo betri. Sasa imezeeka. Ikiachwa humo itavuja maji yake makali, na yale maji yatakula kinanda kutoka ndani. Ikitolewa, kinanda kitapona, lakini kitasahau kila kitu.

"Lazima tuchague, Bibi," Nasra aliniambia.

Nikamwambia tutaona. Nasra nimemlea tangu ananyonya. Anajua nikisema tutaona, nimekataa.

Kwenye zile sauti iko moja ninayoililia. Ni kigelegele. Zamani, Hidaya wetu ndiyo kwanza ana meno mawili, Mbwana alinisimamisha mlango wa jikoni akaniambia nipige kigelegele. Nikapiga. Akazungusha kifundo. Piga tena. Nikapiga. Akazungusha kingine. Wali ukaungua. Jua linazama, kinanda kikawa kinapiga kigelegele changu kabisa, hata na kile kigugumizi changu cha mwishoni, na mimi sauti imenikauka nazungumza kwa mikono.

Akawa anakitumia harusini. Wanawake wakizubaa, wamechoka kupika na kupakua, yeye anabonyeza, nao wanaitikia. Kigelegele hakiachwi peke yake, kikipigwa lazima mtu akipokee. Mimi tu ndiye nilikuwa sikipokei. Mtu atajipokeaje mwenyewe, watu si watacheka.

Kisha kuna jambo la kitufe. Wiki ile tulipoanua tanga la Mbwana, kitufe kimoja cheupe, pale karibu na katikati, kililala chini na hakikuinuka tena. Hakijavunjika. Kimelala tu. Ukikiwasha kinanda, kinapiga kigelegele hicho hicho moja kwa moja, hakipumui. Mara ya mwisho Nasra alipojaribu, Bi Zaituni wa nyumba ya pili alikipokea akiwa uani kwake, akapokea na kupokea mpaka akakohoa, halafu akaja amejitanda kanga mpya kuuliza nani anaolewa. Tangu siku hiyo tumekizima, tumekifunika kitambaa cha kufuma. Na mimi mwenyewe tangu msiba ule sijapiga kigelegele. Nikiwa harusini napiga makofi.

Basi, kinanda kinasubiri uji.

Nakipikia uji wa pilipili manga, nakinywesha kijiko kwa kijiko, pale pembeni panapoingia waya. Mbwana alikuwa akikiwasha mapema kabla watu hawajafika ukumbini. Alisema hivi vya zamani havisemi kweli mpaka vipate joto.

"Mimi ni mwali," kinanda kikasema. "Nilitolewa ndani juzi."

Nikakipa kijiko.

"Mimi ni friji."

Nikakipa kingine.

"Mimi kwetu Pangani, baba yangu alikuwa na minazi."

Kijiko kingine.

Kikameza. "Mimi nilitengenezwa Japani," kikasema. "Nililetwa kwa meli. Dukani nilikaa sana, watu walitaka vile vinavyowaka taa nyingi. Mumeo ndiye aliyenichukua, akanibeba begani."

"Sasa umepata joto," nikasema, nikakifunga kanga yangu kifuani kisije kikapoa tena. "Haya, kikao kiko wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani yangu."

Nikakiuliza kitaingiaje ndani yake chenyewe. Kikaniuliza mimi nikikuna nazi peke yangu huwa niko wapi. Kikainua kifuniko chake kama mlango wa duka, tukaingia wote wawili.

Sasa tuko mbele ya nyumba, na mlangoni imesimama mashine ya ngoma ya Nasra. Nyumbani ni kitu bapa, ukubwa wa sinia la visheti, ina vitufe vya mpira vinavyowakawaka, na kwa mashine hiyo Nasra anawapigia maharusi wa siku hizi ngoma bila mpiga ngoma. Hapa imenizidi urefu, imevaa kofia ya mgambo.

"Bibi, unatembea nje ya mstari," ikasema.

"Nina nyonga."

"Humu kila kinachodondoka kinadondoka juu ya mstari."

Nasra aliwahi kunieleza. Ukiipigia kwa kidole ukachelewa kidogo, yenyewe inakusahihisha, inaisogeza ngoma yako mahali inapotaka yenyewe. Mimi nikacheka siku ile. Sasa mashine inanigusa bega, na kuchechemea kwangu kunakoma. Naenda hatua sawasawa kama askari. Nyonga haiumi. Naitazama miguu yangu naona ni ya mtu mwingine, nimeazimwa.

"Nyonga yangu iko wapi?"

"Tunakutunzia." Ikaniinulia kapu. Ilikuwamo, imekunjwa vizuri.

"Marehemu mume wangu naye alikuwa akichelewa," nikaiambia. "Makusudi. Alisema bibi harusi hakimbizwi."

"Ningemnyoosha," mashine ikasema, bila ubaya wowote.

Nikaingia. Ndani ni nyumba kama zetu za Ngamiani, korido ndefu, vyumba huku na huku, na kwenye kila chumba anakaa mpangaji, na kila mpangaji ni sauti. Wametoa viti vya plastiki mlangoni. Nai, yule wa filimbi, yuko hapo, mwembamba, amevaa koti. Kengele amekaa na miguu yake ya shaba. Fidla wanne wanakaa chumba kimoja, wanagombea kiti. Yupo na mmoja ambaye Mbwana alimwita Mvua ya Muheza, anatiririka kutani taratibu. Nikawasalimia. Wote wakanijua. Mimi nilikuwa natafuta nyuso zao nisizione.

Kinanda kikakaa mbele, ile kanga yangu bado kifuani, kikatangaza utaratibu. "Wanaosema ni sita kwa pamoja, zaidi siwezi. Wa saba akifungua kinywa, aliyetangulia anakatika. Tuanze."

"Mimi nimeishi humu tangu Hidaya hajaolewa," akasema Nai. "Leo naambiwa asubuhi nihame. Nihamie wapi, na mimi sina hata—"

Akakatika. Fidla wote wanne walikuwa wameanza kusema, na Kengele naye, kisha mimi nikawa nimesema, "Pole, baba."

Nai akanitazama na koti lake. Kola inachezacheza, sauti haitoki.

"Samahani," nikasema, na fidla wa kwanza akakatika.

"Jamani, sikukusudia," nikasema, akakatika wa pili.

Nilitaka kuomba radhi kwa kuomba radhi. Mimi nimelelewa hivyo, ukimkanyaga mtu umwambie. Lakini humo kila nikimwambia namkanyaga mwingine. Nikafunga mdomo kwa mkono, na mkono wa pili nikaushika wa kwanza.

"Tufike kwenye jambo," kinanda kikasema. "Betri itolewe au isitolewe? Mwenye nyumba ni Bi Mwantumu. Aseme yeye, sisi tunanyamaza."

Wakanyamaza wote. Hata Mvua alisimama ukutani.

Nikatoa mkono mdomoni, nikasema neno langu. "Tutaona."

Kule mlangoni mashine ya ngoma ikalidaka. "Tutaona," ikasema, kwa sauti yangu. Ikalipanga kwenye mstari, ikaanza kulirudia. Tutaona. Tutaona. Tutaona. Tutaona. Sawasawa, kama mtu anatwanga. Na kila ilipolirudia, maji yalitoka kidogo chini ya kizingiti cha kushoto. Si maji ya mvua. Yana harufu ya chuma, na pale yanapogusa sakafu yanafanya povu.

"Yameanza," akasema Kengele kwa utulivu. Akaangalia chini. Mguu mmoja wa shaba ulikuwa umeliwa hadi gotini.

Nilitaka kuiambia mashine inyamaze, lakini nikifungua kinywa ni neno lile lile litatoka, nalijua. Limekaa mdomoni kwangu miaka. Tutaona, tutaona, na maji yanapanda. Nai amepandisha koti. Fidla wamepanda kiti kimoja wote wanne, safari hii hawagombani.

Ndipo nikasikia kigelegele. Kinatoka chumba cha mwisho, mlango umefungwa, ni kile kile, hakina pumzi wala kituo.

Nikaenda. Nilikwenda kwa ile miguu ya kuazima, na kwa jinsi ilivyonyooka ilinipitisha mlango mara mbili kabla haijakubali kugeuka.

Sikupiga hodi kwa mdomo, niligonga. Nikasukuma.

Chumbani ni jikoni kwangu. Jiko la zamani, lile la dirisha moja. Wali unanuka kuungua. Mlangoni zimesimama kanga zangu mbili za siku ile, moja kiunoni moja mabegani, na ndani yake hakuna mtu. Kigelegele kinatoka pale ambapo pangekuwa na mdomo. Na juu ya kigoda kuna kitufe kimoja cheupe, na kitufe kimekandamizwa na kidole.

Kidole ni cha Mbwana. Nilikijua kwa pete ya feruzi, na kwa ukucha, ule uliopinda tangu ubanwe na mlango wa gari la vyombo vya muziki. Mkono wenyewe haupo. Ni kidole tu, kimechoka, kinatetemeka kama mtu aliyebeba ndoo kwa muda mrefu.

"Umechelewa, Mama Hidaya," kikasema. "Usifungue kinywa. Chumba hiki ni cha sauti moja tu. Nilikitengeneza hivyo makusudi, sauti zisikanyagane."

Basi nikazungumza kwa mikono, kama siku ile wali ulipoungua. Nilikuwa natafuta mlango, nikamwambia.

"Miaka yote hiyo?"

Nyumba ina vyumba vingi, nikasema.

"Na ulikuwa unaufunika kitambaa."

Vumbi, nikasema.

Hakubisha. Mbwana hakuwa mtu wa kubisha. Nikamuuliza kwa nini hainuki, mbona anajitesa, kitufe kimelala tangu tanga lilipoanuliwa na watoto wanasema kimeharibika.

"Nikiinuka kitanyamaza," akasema. "Na hakijapokewa. Nitakiachaje?"

Kimepokewa sana, nikamwambia. Harusi zote zile. Bi Zaituni alikipokea siku ile mpaka akakohoa.

"Bi Zaituni anapokea hata honi ya lori. Mimi nilikuwa nasubiri ukipokee wewe."

Mikono yangu ikachanganyikiwa, ikasema mambo mawili pamoja. Nikaituliza. Nikamwambia, mtu hajipokei mwenyewe, Baba Hidaya. Kile ni changu.

"Kilikuwa chako ulipokuwa umesimama hapo mlangoni. Mwanamume anapigaje kigelegele, Mama Hidaya? Angepiga vipi mbele za watu? Nikaona nitengeneze. Harusi zote zile, bibi harusi amekaa, watu wanatunza, mimi nikibonyeza pale nilikuwa nakupigia wewe. Na wewe uko kule nyuma, unachambua mchele."

Nikasimama. Nilikumbuka ule mchele. Nilikuwa nikisikia kile kigelegele nainamia ungo, naona haya, nasema moyoni, huyu bwana ananitangaza.

Maji yakaingia chumbani. Yakafika kwenye miguu ya kigoda, kigoda kikaanza kutoa povu. Huko nje bado nasikia sauti yangu, tutaona, tutaona.

Nikikipokea kitakatika, nikamwambia. Sauti ni moja.

"Kilichopokewa si ndivyo kinavyonyamaza? Umesahau hata adabu yake."

Sina jino la mbele, nikasema.

"Jino lako lilikuwa limelegea hata siku ile. Unadhani kile kigugumizi cha mwishoni nilikitoa wapi? Kilinichukua vifundo vitatu."

Kidole kikateleza kidogo, kikashika tena. Nikaona ukucha umekuwa mweupe kwa kukaza. Nikaona yule mtu amechoka, na aliyemchosha ni mimi.

Nikafungua kinywa.

Mwanzo ilitoka sauti ya bawaba. Nikavuta pumzi, nikarudia, ulimi ukakumbuka njia. Kikatoka. Kimekwaruza, kimechelewa, kinachechemea, na mwishoni kigugumizi kile kile. Kule mlangoni mashine ya ngoma ikaacha kutwanga neno langu, ikajaribu kukinyoosha kigelegele, ikakisukuma huku, ikakivuta huku, kikakataa kukaa kwenye mstari. Taa zake zikawaka zote kisha zikatulia. Nyonga yangu ikatoka kapuni, ikaja mbio kwenye korido, ikaingia mahali pake. Iliuma. Nikaijua.

Kigelegele cha zile kanga kikanyamaza. Kanga zikashuka chini polepole, zikajikunja zenyewe.

Kidole kikainuka. Kikajinyoosha, kikalia kwenye kiungo, kama alivyokuwa akifanya Mbwana harusi ikiisha.

"Haya," kikasema.

Nilitaka kumuuliza mambo mengi, kama anakula, kama huko kuna baridi. Lakini nilipogeuka tuko koridoni, na wapangaji wote wanapokea kigelegele changu, Nai na Kengele na fidla na Mvua, wote pamoja, wengi kupita sita, na hakuna anayekatika. Nikakitazama kinanda. Kikainua mabega ndani ya kanga yangu, maana yake na mimi sijui.

Wakaanza kukunja viti.

"Mnakwenda wapi?" nikauliza.

"Bi Mwantumu," akasema Nai, sasa sauti imemrudi, "sisi tulitoka kwenye vile vifundo. Vifundo havihami."

Nikasema sielewi. Akasema si lazima. Akanipa koti lake nimshikie, na lile koti likawa zito, zito, likawa shuka, na shuka likawa langu.

Nikaamka. Kumekucha. Koo linaniwasha kama nimemeza mchanga.

Nasra amesimama mlangoni na mswaki mkononi. "Bibi," akasema, "ni wewe uliyepiga kigelegele?"

"Kigelegele gani?"

"Hiki cha sasa hivi."

Kabla sijamjibu, Bi Zaituni akaita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Jirani, mimi nimeshapokea weee mpaka nimechoka. Sasa niambie, safari hii ni kweli kuna mtu anaolewa, au ni kile kidude chenu tena?"

"Kidude kimezimwa, Bi Zaituni," Nasra akamjibu. "Hata waya haumo ukutani."

"Basi nyumba yenu ina mambo," akasema Bi Zaituni, akarudi kwenye vyombo vyake.

Nikaketi kitandani nikatafuta miguu yangu. Nyonga ilikuwepo. Kanga yangu sikuiona.

"Mwambie fundi Mkanga aje," nikasema. Sauti ilitoka imekwaruza. "Aitoe hiyo betri, atie mpya."

Nasra akatoa mswaki mdomoni. "Na sauti za Babu?"

"Zitaondoka. Wewe utakaa kwenye vifundo, mimi nitasimama mlango wa jikoni nipige. Nikipiga, zungusha. Tutapiga na kuzungusha mpaka kitoke."

"Bibi, hiyo itachukua siku nzima."

"Ndiyo. Siku hiyo usipike wali."

Akanitazama kama anayetaka kunishika paji la uso aone kama nina homa. Kisha akaenda sebuleni kukiandaa kinanda. Nikamsikia amesimama.

"Bibi, uliamka usiku?"

Nikamfuata, nachechemea. Kitambaa cha kufuma kilikuwa kimekunjwa pembeni, na kinanda kimefungwa kanga yangu kifuani, fundo langu, lile la kushoto. Lakini Nasra alikuwa haangalii kanga. Alikuwa anaangalia kitufe. Kile cheupe, cha karibu na katikati, kilikuwa kimesimama sawa na wenzake.

"Nani amekitengeneza?" akauliza.

Nikaweka kidole juu yake, taratibu, bila kukibonyeza. Vya pembeni vyote vilikuwa vya baridi. Hicho kilikuwa bado kina vuguvugu, mahali padogo tu, upana wa ncha ya kidole.